Swali Aliloniuliza Mama Gidioni

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya chokaa, mwanangu. Walikuwa wamekipaka upya chumba changu cha ushauri pale Tunduma, chumba ambacho kabla yangu kilikuwa stoo ya mashuka, na dirisha lake lilikuwa dogo na la juu, hata mtu akipita nje unaona kofia yake tu. Nyuma ya ukuta walikaa vijana wa kubadilisha kwacha. Kutwa nzima utawasikia wakiwasalimu Wazambia kwa Kibemba, mulishani, mulishani, kisha wanaanza kubishana. Katikati ya kelele hizo mama mmoja kutoka Ruanda, kijiji cha kahawa cha huku kwetu, si ile nchi, aliniuliza swali, nami nikampa jibu la darasani.

Kesho kutwa nawe unaanza kazi hiyohiyo. Jana nilikuwa jikoni, nikakusikia ukimwambia dada yako kwamba chuoni mmefundishwa kuacha dini mlangoni kabla ya kukaa na mgonjwa. Ulisema kwa raha kabisa, kama mtu aliyetua mzigo. Nilicheka peke yangu, na hakikuwa kicheko cha furaha. Hebu kaa. Zima na hiyo simu, hao wanaokuandikia watakuwepo hata kesho. Nina maneno niliyokaa nayo miaka mingi, na mengine yanakuhusu wewe mwenyewe kwa sababu yanalihusu jina lako.

Uliambiwa mjomba wako Amosi alikufa kwa malaria. Hakufa kwa malaria. Alijinyonga.

Ilikuwa kule Isansa, msimu wa kuchuma kahawa, miaka ya mwanzo ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagwa gulioni na vijana wakiona dunia imefunguka. Kaka yangu aliona nini, mpaka leo sijui. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya. Hakuwa mlevi, hakuwa na ugomvi na mtu. Siku ya mwisho alinitengenezea mpini wa jembe, akaulainisha kwa kipande cha chupa ili usinichubue, akanikabidhi akaenda zake. Nimewahi kukaa na watu wengi wanaotafuta sababu ya kifo cha namna hiyo, na huwa siwadanganyi. Wakati mwingine sababu haipatikani, na unazeeka bila kuipata.

Sasa sikiliza jinsi tulivyomzika. Kwetu mtu aliyekufa hivyo hakulazwa na wenzake. Kaburi lilichimbwa ukingoni mwa shamba, mbali na ya ukoo. Hapakuwa na msalaba wala wimbo. Matanga hayakukaliwa. Mti ulikatwa ukachomwa moto siku ileile. Wanawake walikatazwa kulia kwa sauti, kwa sababu iliaminika kwamba kumlilia ni kukiita kifo kile kirudi nyumbani kwenu. Na jina lake lisingetajwa tena, wala kupewa mtoto. Kanisa lilikuwa na sheria zake, ukoo ulikuwa na zake, na kwa jambo hilo moja walielewana vizuri.

Babu yako alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyekaa na ufunguo, ndiye aliyepiga kengele. Watu walimtazama waone atafanya nini kwa mtoto wake mwenyewe, naye akasimama mbele yao akasema itafanyika vilevile kama kwa mtoto wa mtu mwingine. Walimsifu sana kwa hilo. Mimi nilimwangalia nikamchukia, na chuki ile nilitembea nayo muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Mama yangu hakulia. Alifanya alivyoambiwa. Lakini alianza kuuliza swali moja. Alimuuliza baba pale jikoni, mbele yetu: mwanangu yuko wapi? Baba aliendelea kula. Alimuuliza mchungaji alipokuja kututembelea, naye akafungua Biblia, akaifunga, akasema tumwachie Bwana. Kisha akaniuliza mimi. Tulikuwa tunapepeta mahindi uani. Nilikuwa msichana wa sekondari, nina majibu ya kila kitu. Nikamwambia, yuko kaburini, mama, si tulimzika wote? Akanitazama, akarudisha macho kwenye ungo, na sikumsikia akiuliza tena.

Nilidhani amepona. Mvua zilikuwa hazijaanza alipokunywa dawa ya kahawa, ile ya kuulia wadudu.

Naye tulimlaza ukingoni mwa shamba, jirani na Amosi, bila wimbo. Naye pia watu walisema malaria. Nisamehe kwa kukuambia leo. Ulipokuwa mdogo nilisema utakua kwanza, na ulipokua nikaogopa.

Niliondoka Isansa nikiwa na hasira ya kanisa, hasira ya baba, na hasira ya hilo swali lenyewe. Nikasomea uuguzi. Nikapangiwa Tunduma, wakati huo ni mji wa vumbi na malori, watu wanalala foleni kusubiri forodha, na ukimwi unawachukua madereva, wahudumu wa nyumba za wageni, wake walioachwa nyumbani, bila kuchagua. Hospitali ikatafuta wauguzi wa kwenda kusomea ushauri nasaha, nami nikawa mmoja wao. Mkufunzi alituambia jambo moja ambalo wenzangu walilinung'unikia: ukiingia chumbani na mgonjwa, dini yako iache nje.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Sheria ile ilikuwa na sababu, na ninyi mlifundishwa kwa sababu hiyohiyo. Niliwaona kwa macho yangu wauguzi waliomwambia mtu anayekufa kwamba anavuna dhambi zake. Niliwaona waliomlazimisha Mwislamu kufumba macho kwa sala ambayo si yake. Watu wa namna hiyo walistahili kufungwa midomo. Ila wenzangu walipoona ile sheria ni kamba, mimi niliona ni mahali pa kujificha. Hakuna mtu angeniuliza tena habari za Mungu, na akiniuliza nitakuwa na haki ya kutomjibu.

Basi ndipo akaja Mama Gidioni.

Daktari alimtuma kwangu kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma, usingizi hana, na vipimo havikuonyesha kitu. Alikuwa mama wa makamo, mkulima wa kahawa, mrefu, anakaa wima hata kwenye benchi lisilo na mgongo. Alikuja mara kadhaa, na kila mara tuliongea habari za kichwa na za usingizi. Nilijiona nafanya kazi nzuri. Siku ile ya chokaa mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Aliingia na mwavuli, akauegemeza ukutani, akaanza kunieleza, macho yake yakiwa chini, kwamba mwanawe Gidioni alijinyonga ndani ya stoo ya kahawa. Wamemzika pembeni mwa shamba. Stoo wameibomoa. Yeye amekatazwa kulia.

Kisha akainua macho.

"Nesi, wewe umesoma. Mwanangu yuko wapi?"

Sikusema uongo nilipokuambia naikumbuka siku ile kwa harufu ya chokaa, maana kwa muda kidogo sikuona wala kusikia kitu kingine. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kama mtoto. Nikatafuta pa kukimbilia, na pa kukimbilia palikuwepo, nilikuwa nimefundishwa. Nikamwambia kwa sauti ya upole kwamba hilo ni swali la kumuuliza mchungaji wake, na kwamba hapa sisi tuendelee na usingizi.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema asante, amenielewa. Alipofika mlangoni aligeuka, akanionyesha ule mwavuli kwa kidevu, akasema nibaki nao, yeye hatauhitaji. Nikamwambia mvua yote hii, mama? Akasema basi humshusha karibu na nyumbani. Nikaona ni ukarimu wa watu wa kwetu, si unajua hawaji kwa mtu mikono mitupu. Nikamshukuru.

Saa ya chai nilikwenda kwa mkubwa wetu wa kitengo, Mzee Kasimu. Huyu alikuwa mtu wa Ujiji, Mwislamu asiyekosa swala, mwenye ndevu nyeupe na kikohozi cha kudumu, na ndiye aliyesoma zaidi yetu sote. Ilikuwa kawaida yetu kumweleza tulivyokwenda na wagonjwa, bila kutaja majina. Nikamsimulia. Nikafika kwenye swali la yule mama, nikaeleza nilivyolirudisha kwa mchungaji, na nakiri nilisubiri anisifu. Yeye aliutazama ule mwavuli, kwa kuwa nilikuwa nao mkononi, akauliza ni wa nani. Nikamwambia.

Akaweka kikombe chini.

"Huyo mama ukimwambia mtoto wake yuko mahali fulani," akasema, "yeye atafanya nini?"

Jibu lilikuja lenyewe. Atakwenda. Mama yangu hakuwa anauliza habari za mbinguni. Alikuwa anauliza njia. Na mimi nilikuwa nimekaa naye na ungo mikononi, nikamwelekeza kaburini.

Mzee Kasimu alikuwa mpole siku zote, lakini siku ile alinikaripia. Akaniambia hatukukatazwa kusikia. Akasema, "Dini yako ndiyo uliyoambiwa uiache nje. Ya kwake ameingia nayo, na ndani yake ndimo amefungia kinachomuua." Kisha akaniambia niende, nisikae hapo kulia, kulia nitalia nikirudi.

Nilipata lori la saruji lililokuwa linapanda kuelekea Mbeya. Dereva alinishusha njia panda ya Ruanda, nikatembea kwa miguu kwenye matope mekundu, na ule mwavuli nilikuwa nimeukumbatia, sikuufungua. Usiniulize kwa nini. Njiani niliomba, mimi ambaye sikuwa nimeomba tangu mama yangu afe. Sikumwomba Mungu anisamehe wala nini. Nilimwambia tu, asiwe amekunywa, asiwe amekunywa.

Nyumbani nilimkuta binti yake, msichana wa umri wa kidato cha pili, anapepeta mahindi chini ya ukingo wa bati.

Nilimuuliza mama yuko wapi, akasema ameenda shambani. Akasema pia, kama mtu anayesimulia jambo la kuchekesha, kwamba mama siku hizi ana mambo, jana amegawa kuku wote kwa majirani na leo asubuhi amempa yeye vitenge vyake vyote vizuri.

Nilimkuta ukingoni mwa shamba, amekaa chini kwenye majani yaliyolowa, karibu na tuta la udongo ambalo halikuwa na alama yoyote. Pembeni yake kulikuwa na taa ya chemli, inawaka mchana kweupe, na chupa iliyofungwa kwa jani la mgomba. Chupa ilikuwa bado imefungwa. Alipouona mwavuli mikononi mwangu hata hakushangaa. Aliniuliza kama nimekuja kumrudishia.

"Nimekuja kwa ajili ya swali, mama."

Nikakaa pale kwenye maji. Darasani walitufundisha maneno ya kuzunguka, yale ya polepole. Sikuyatumia. Nilimuuliza wazi kama anataka kumfuata mwanawe, naye akasema ndiyo, bila kusita, kana kwamba alikuwa amesubiri siku nyingi mtu amuulize.

"Gidioni alikuwa anaogopa giza," akasema. "Mpaka ndevu zinamwota, usiku nilikuwa namshikia taa akienda choo cha nje. Alikuwa ananiambia nisiwaambie wenzake. Sasa kanisani wanasema yuko gizani. Huko nani anamshikia taa?"

Mwanangu, hilo ndilo swali lililokuwa ndani ya swali. Daktari alikuwa ameandika maumivu ya kichwa. Mimi nilikuwa nimeandika kukosa usingizi. Kumbe mama amekaa macho usiku kucha kwa sababu mtoto wake yuko gizani peke yake, na yeye ndiye mwenye taa. Ungempa vidonge gani?

Nilimwambia ukweli niliokuwa nao. Nilimwambia sijui Gidioni yuko wapi, na kwamba yeyote atakayesema anajua, awe amevaa joho au koti jeupe, amejipa kazi ambayo si yake. Nilimwambia habari za Amosi na habari za mama yangu. Vitabu vinasema tusijisimulie kwa mgonjwa, na mara nyingi vitabu viko sahihi, ila siku ile sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikamwambia, "Mama yangu yuko wapi, hilo pia silijui. Lakini najua mimi nilibaki wapi. Yule binti yako kule uani, anayepepeta mahindi, mimi ndiye yeye. Nimebaki palepale mpaka leo."

Mvua ilipungua ikawa manyunyu. Kisha akaniuliza atamwombeaje mtu ambaye amekatazwa hata kumtaja. Nikamwambia amtaje, mimi niko hapa, na kama kuna laana ya kurudi itukute wawili.

Jina alilitaja kwanza kwa kunong'ona. Gidioni. Halafu kwa sauti. Halafu akalia, na kilio kile sina namna ya kukueleza, kilikuwa kimekaa ndani miezi mingi na kilitoka na vyote vilivyokuwa juu yake. Majirani walikuja mpaka kwenye mpaka wa shamba. Mama mmoja mzee alipiga kelele anyamaze, atatuletea mabaya. Sikunyanyuka kumjibu. Nilimshika Mama Gidioni mgongoni nikamwacha alie.

Kisha akaomba. Mimi sikumwombea, shika hilo, sikufungua mdomo. Aliomba mwenyewe, kwa Kinyiha, na katika maisha yangu ya kanisani sikuwahi kusikia sala ya namna ile. Hakuomba mwanawe asamehewe. Alimpa Mungu maelekezo, kama mama anayempeleka mtoto kwenda kukaa kwa shangazi. Kwamba huyu hapendi chakula kilichopoa. Kwamba akinyamaza ujue ana jambo, usimwache, muulize tena. Kwamba anaogopa giza lakini hatasema, kwa hiyo mshike mkono bila kumwambia kwa nini. Alipofika hapo alirudia mara nyingi. Mshike mkono. Mshike mkono.

Alipomaliza nilimwomba ile chupa. Hakunipa haraka, wala usidhani sala iliondoa kila kitu, haikuondoa. Ilibidi nikae tena, na kumuuliza tena, mpaka mkono wake ukalegea. Mimi na binti yake tulikusanya dawa zote za kahawa zilizokuwa ndani tukazipeleka kwa mjomba wake zifungiwe. Yule binti sikumficha. Nilimwambia mama yako anaumwa, na huu si ugonjwa wa wewe kuuonea aibu, na ukimwona anagawa tena vitu vyake usicheke, njoo uniite. Nilikaa pale siku hiyo na kesho yake, mpaka dada yake akaja kutoka Vwawa kulala naye.

Aliishi, Mama Gidioni. Alikuja kwangu miaka mingi, na kichwa kilipungua bila kwisha. Nilimfuata mzee wa kanisa lao, nikamwomba si abadilishe sheria, aje tu akae na huyu mama nusu saa pale shambani. Akaniambia atalifikiria. Alilifikiria mpaka akahama. Kaburi la Gidioni halikupata msalaba, na majirani wengine waliacha kula kwenye nyumba ile kwa sababu ya kilio cha siku ile. Mama Gidioni alikufa kwa presha, kitandani kwake, binti yake akiwa ameshaolewa. Mpaka siku za mwisho alikuwa anawasha taa jioni na kuiweka kwenye mlango wa upande wa shamba. Huo ndio ushindi wangu mkubwa kuliko yote katika kazi hii, na unaona ulivyo mdogo.

Baada ya siku ile nilikwenda Isansa kumwona baba. Nilikuwa nimejaza maneno ya kumwambia. Nilimkuta anachambua kahawa kwenye mkeka, amezeeka ghafla, nikamuuliza hata sijakaa: mama alipokuuliza Amosi yuko wapi, mbona ulikula tu?

Hakukasirika. Alichambua punje nyingine mbili tatu.

"Unadhani mimi sikuuliza?" akasema. "Kila Jumapili nilifungua mlango wa kanisa kabla ya watu, nikauliza. Nikisikia wanakuja, napiga kengele."

Nikamwambia kwa nini hukumwambia mama kwamba na wewe unauliza? Angejua hayuko peke yake. Baba akasema, "Angejua kwamba hata mimi sijui."

Nilimwonea huruma, nikakaa naye kwenye mkeka. Na bado sikumsamehe, siwezi kukudanganya. Watu wawili walilala chumba kimoja, wana swali moja, na kila mmoja akimficha mwenzake, mmoja kwa sababu ni mama aliyekatazwa kulia na mwingine kwa sababu ni mzee wa kanisa. Kama mtu mmoja tu angekaa kati yao. Ni kwa sababu hiyo nimefanya kazi hii mpaka nimestaafu.

Ulipozaliwa nilikuita Amosi. Ukoo ulinijia juu, shangazi zangu walikataa kukushika. Baba hakusema neno. Ila hakukuita jina lako hata siku moja, unakumbuka? Alikuita Mgeni. Mgeni njoo ule. Mgeni lete fimbo yangu. Ulidhani ni utani wa babu na mjukuu, na ulikuwa unaupenda. Nami nilikuacha uupende.

Ile alasiri ya mwisho wake wewe ulikuwa uani unacheza. Amelala chumbani, mimi namlowesha midomo kwa kitambaa, ameacha kusema tangu asubuhi. Kisha akaita. Kwa sauti ya kengele kabisa, sauti yake ya zamani. "Amosi." Nilibaki na kitambaa mkononi. Miaka yote ile jina lile halikuwahi kupita kwenye midomo yake.

Wewe uliitika. "Naam, babu." Ukaingia mbio na miguu yako ya vumbi, ukapanda kitandani bila kuambiwa, ukamshika mkono. Akaushika wako. Hakusema kitu tena mpaka alipokata roho.

Alikuwa anakuita wewe, au alikuwa anamwita yeye? Sijui. Nimejiuliza, na nimeacha kutafuta. Ninachojua ni kwamba mzee aliyekuwa anakufa aliita, na kuna aliyeitika, na hukumuuliza kwanza unamwita nani.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Mtu akiingia chumbani kwako, dini yako kweli iache nje, wala usimhubirie mtu aliyekaa chini kwa maumivu. Lakini ya kwake ipishe njia iingie. Mapema kabisa muulize, ukibanwa unamwita nani? Mmoja atakuambia Yesu, mwingine atakuambia Mwenyezi Mungu, mfugaji wa kutoka Ivuna atakuambia marehemu baba yake humjia ndotoni, na mwingine atakuambia simwiti yeyote. Wote wasikilize kwa uso uleule. Usimjibie Mungu, hujatumwa. Ukiwa hujui sema hujui, kisha usiondoke, kwa maana kutojua hakujaua mtu kwetu, kilichoua ni kila mmoja kukaa na kutojua kwake peke yake. Na mama akikuuliza mwanangu yuko wapi, muulize wazi kama anataka kumfuata. Usiogope kwamba utamtia wazo. Wazo analo, ametembea nalo kwenye mvua. Muulize, toa sumu ndani ya nyumba, mwite ndugu wa kulala naye, uende kwake hata kama umechoka.

Na siku ukiogopa kama nilivyoogopa mimi, mtafute mkubwa wako umweleze siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na Mzee Kasimu. Wewe unanifahamu ninapokaa.

Sasa leta mikono yako hapa. Mungu niliyekosana naye na nikarudi kwake nikiwa bado nanung'unika akupe masikio mazuri. Akuondolee haraka ya kujibu. Watakaokuja kwako wakiwa gizani wakukute umeamka, na wewe zamu yako ya giza ikifika, asikosekane wa kukushikia taa. Nenda salama, Amosi. Nalitaja kwa sauti, na majirani wasikie.